Kovu la Bombay

Jomvu Kuu,
2 Machi 1961

Kwa Khairiya binti Jamaludin,

Nakuletea salamu kwa kuwa huu ni mwezi wa Ramadhani, na sitaki kufunga huku nimemnyima salamu ndugu wa tumbo moja. Hapa nyumbani sote tu wazima. Mke wangu Kuluthum alisumbuliwa na jino, sasa ana nafuu. Paa la jikoni nimeliezeka upya, na duka la Changamwe linakwenda, boriti zinauzika. Mama mdogo Salme mpe salamu zangu. Mwambie sina ugomvi naye ila kwa hili la kukupokea huko Tanga bila kuniuliza mimi niliyeachiwa nyumba na marehemu baba.

Sasa nisikilize. Siku ya singo yako, ulipokuwa ukisuguliwa mwili kwa ajili ya arusi, Bi Mwanasaumu alitoka chumbani, mikono yake bado imejaa liwa, akaniita nyuma ya jikoni. "Barakati mwanangu," akaniambia, "wayuwa mimi nasinga mabibi arusi tangu mamako ni mwari. Huyu si mwari. Tumbo lining'inia, lina michirizi, na hapo katikati lishapasuliwa. Huyu ashazaa, tena kwa kisu." Huyo aliyesema ni somo yako mwenyewe, kungwi uliyemchagua wewe, si mimi.

Mwaka 1959 ulikwenda Bombay na baba. Ulikuwa mnene huwezi kupanda ngazi, mkatuambia mnakwenda kutibu pumu. Ukarudi umekonda, tukashukuru Mungu. Kumbe ule unene ulikuwa na mtu ndani yake.

Mwidani na watu wake wa Timbwani wameleta neno kwamba hawaoi tena. Kanzu aliyoshonewa kwa ajili ya arusi yako sasa anaivaa msikitini, na mimi nikivuka kwenda Likoni Ijumaa ndiyo ninayoiona safu ya mbele yangu sala nzima.

Nataka majibu mawili tu. Mtoto yuko wapi, na baba yake ni nani. Mmoja nimekwisha kuanza naye, na hivi sasa yuko hospitali. Usinifanye niendelee kwa kubahatisha.

Ni mimi kaka yako,
Barakat


Tanga,
27 Machi 1961

Kaka Barakat,

Shikamoo sikuandikii leo, usiitafute. Idi tumeila salama. Mama mdogo Salme hajambo, amepika mbaazi na mahamri, watoto wa mtaa mzima wamekula hapa. Anakujibu kwamba nyumba yake haina haja ya ruhusa ya mwanamume wa Jomvu. Mvua za masika bado hazijashika. Nimefurahi kwamba jino la Kuluthum limepona. Yangu ya mbele hayatapona, maana hayapo.

Barua yako imeruka kutoka kwa Bi Mwanasaumu ikatua kwa Mwidani, kana kwamba katikati hapakutokea kitu. Basi nikukumbushe. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimejifunga kanga moja, singo inanikauka mgongoni. Ukaingia chumba cha wanawake na viatu. Ukanivuta kwa nywele, hizi chache nilizo nazo. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya mdomo. Nilipoanguka ukanipiga teke la tumbo, papo hapo juu ya kovu, ukaongeza jingine na jingine, na kila teke ukisema, "Mtaje! Mtaje!" Nimtaje kwa mdomo upi, Barakat? Ulikuwa umejaa damu na meno. Wanawake waliokuwa nje walisikia vilio vyangu wakazidisha ngoma ya vugo, wakidhani bibi arusi analia kuiaga nyumba ya babake. Kuluthum alisimama mlangoni ameshika chetezo cha udi, akaangalia sakafu.

Damu ilinitoka kwa nyuma njia nzima mpaka Tanga. Daktari wa hapa aliponigusa tumbo nilimng'ata mkono, na mpaka waliponiambia sikujua kwamba nimemng'ata.

Majibu yako sikupi. Si kwamba sina. Ulikuwa na ulimi wa kuuliza kabla ya kuwa na miguu ya kupiga, ukachagua miguu.

Lakini mimi nami nina swali. Ni nani aliyeko hospitali? Umemfanya nini? Mtaje wewe kwanza.

Khairiya


Jomvu Kuu,
15 Aprili 1961

Khairiya,

Barua yako haina adabu, na nimemsomea Kuluthum naye amesema hivyo hivyo. Nyumbani salama. Mbuzi wa baba amezaa pacha, mmoja amekufa. Kisima kimejaa. Watu wa msikitini wanakuulizia, nawaambia uko Tanga unamwuguza mama mdogo, kwa hiyo umwombe asionekane mzima sana.

Umetaka jina. Ni Randu, nani mwingine? Hamali wako. Ulipokuwa huwezi kutembea, ni nani aliyekusukuma kwa mkokoteni toka hapa mpaka barabarani, umetandikiwa godoro, umefunikwa pazia kama maiti? Unataka kwenda kwa shangazi Timbwani, aitwe Randu. Unataka kurudi, aitwe Randu. Nilikuwa nawasikia mkicheka njiani, wewe ndani ya pazia na yeye nje. Mwanamume wa watu anacheka na dada yangu, na baba anatazama tu.

Nilimfuata bandarini Kipevu, mchana, saa ya chakula, amekaa na wenzake wanakula mihogo. Nilikuwa na mtaimbo wa dukani. Nikamwuliza, "Mtoto wa Khairiya ni wako?" Akaweka muhogo chini, akaniambia, "Bwana Barakat, mimi sina la kukwambia." Sikumwuliza tena. Pigo la kwanza lilishuka juu ya goti la kulia. Nililisikia likivunjika, na wallahi ule mlio ulinituliza moyo. La pili sijui lilitua wapi kwa sababu alikuwa ameshaanguka. La tatu najua, lilikuwa hapo hapo kwenye goti, na mfupa ukatokeza. Ndipo wenzake waliponirukia. Mmoja nilimpasua nyusi.

Yeye hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama na kurudia maneno yale yale, hana la kuniambia. Mtu asiye na kosa huapa, huita watu, huniita mwendawazimu. Hata polisi walipomwendea hospitali alisema ameangukiwa na mzigo. Kwa nini anifiche mimi kama hana anachojificha? Kunyamaza kwake ndiko kulikomhukumu.

Nasikia mwezi wa sita atatoka. Akitoka nitammaliza. Kama si yeye, nitajie aliye yeye, na uniandikie upesi.

Barakat


Tanga,
6 Mei 1961

Kaka Barakat,

Mama mdogo ameniketisha, akasema barua bila salamu haifiki. Basi salamu. Sisi wazima, masika imeshika, ukuta wa nyuma umelowa. Pole kwa mbuzi. Nimemaliza.

Sikuzaa. Sijaguswa na mwanamume yeyote maishani mwangu ila wewe, na wewe ulinigusa kwa teke.

Unakumbuka nilivyokuwa? Mlijivunia nyote. Wageni wakija uliniita "nyumba yetu kubwa," ukacheka. Arusini wanawake walinishika mikono wakisema mashaallah, huyu ametunzwa kwao. Hakuna kati yenu aliyejua jinsi ninavyolala. Nililala nimekaa, nimeegemea magunia ya sufi, kwa sababu nikilala chali koo hujifunga. Mapaja yalikuwa yamesuguana mpaka yakachimbika, yanatoa usaha, na kila hatua ni moto. Nilikuwa nakula nikilia, nikimaliza kulia nakula tena. Halafu nikaanguka chooni. Nilikwama kati ya ukuta na mlango, uso umeangalia sakafu, nikabaki hapo asubuhi yote. Wewe ulikuwa dukani. Baba alijaribu kuusukuma mlango, mwili wangu ukauzuia. Akamwita Randu. Wakabomoa ukuta kwa sululu ili wanitoe, na mawe yalikuwa yakiniangukia mgongoni nami siwezi kujigeuza. Wewe uliambiwa ukuta umeanguka kwa mvua.

Siku ile nilimwambia baba, afadhali nikatwe nife kuliko nitolewe tena mahali namna ile. Ni mimi niliyesema, si yeye. Daktari mmoja Mhindi mjini alikuwa ametuambia kuna mpasuaji Bombay aliyesomea Amerika, anapunguza watu. Baba aliposikia alikataa. Nikamshika miguu mpaka akakubali.

Yule mpasuaji alitueleza kwa uzi. Alichukua uzi mrefu, akasema huu ndio utumbo wako, nitaunga hapa na hapa, sehemu ya katikati nitaiacha ilale bila kazi, chakula kitapita upesi. Alisema pia kwamba kuna waliokufa. Baba akatoka nje.

Nilipozinduka nilidhani wameniachia makaa ndani ya tumbo. Mshono ulifumuka, wakaushona tena. Baada ya hapo nikaanza kuyeyuka. Nashinda chooni. Nywele zinatoka na kitana, kucha zinavunjika, na jua likianza kushuka macho yangu hayaoni vizuri. Unene ulikwenda lakini ngozi yake ikabaki, ikaning'inia na michirizi yake yote. Hiyo ndiyo aliyoiona Bi Mwanasaumu. Simlaumu macho. Katika kazi yake yote, tumbo lililokuwa kubwa likawa dogo ni tumbo la mzazi, na kovu katikati ni la mtoto aliyetolewa kwa kisu. Nani kwetu aliyewahi kusikia mtu anakwenda ng'ambo akapasuliwe ili akonde? Namlaumu kwa kukujia wewe badala ya kubaki na mimi mle chumbani na kuniuliza.

Unataka kujua kwa nini hukuambiwa. Kwa sababu ya mama. Mama alipofia hospitali akipasuliwa, ulimkamata yule msaidizi, mtu aliyekuwa amebeba mashuka tu, ukampiga mpaka akawa kiziwi wa sikio moja. Ukaja nyumbani na damu yake kwenye kanzu, ukaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayeguswa tena na kisu, na atakayekubali utamzika wewe. Baba alikuogopa, Barakat. Baba yako mzazi alikuogopa mpaka anaingia kaburini.

Umenifanya nikae nifikiri kama najuta. Ninapokojoa moto na kuharisha maji, najuta. Halafu nakumbuka nilipolala chali kwa mara ya kwanza, nikaitazama dari, nikapumua. Nakumbuka nilipanda ngazi za meli kwa miguu yangu mwenyewe. Na nakumbuka siku ya singo. Ulipochoka ukatoka kwenda kuosha mikono, niliinuka nikaruka dirisha la nyuma nikakimbia. Yule Khairiya wa zamani angebaki pale mkekani mpaka urudi umalizie.

Randu anajua yote. Ndiye aliyenipeleka bandarini na ndiye aliyenirudisha, akikwepa kila shimo kwa sababu ya mshono. Baba alimwapisha asikuambie wewe, wewe hasa. Neno moja tu lingeliokoa goti lake, naye hakulisema. Sasa nalisema mimi. Mwache.

Nijibu upesi. Kila siku nasikiliza anayepita na habari za Mombasa.

Khairiya


Jomvu Kuu,
19 Oktoba 1961

Khairiya,

Salamu. Mvua kama hii sijaiona tangu nizaliwe, barabara ya Changamwe imekatika na watu wanavuka kwa ngalawa palipokuwa na mashamba. Kuluthum amekwenda kwao. Shangazi anasema hakuoni ndotoni, maana yake u mzima.

Barua yako ilifika Mei. Nimekaa nayo. Usiniulize kwa nini sikujibu.

Siku ile ile nilikwenda chooni nikautazama ukuta. Nikakwangua chokaa kwa kisu. Mawe ya chini ni ya zamani, ya juu yamejengwa juzi, na yanapokutana mna alama za sululu, si za mvua. Kisha nikaupiga ule ukuta kwa ngumi mpaka mkono ukavimba, na kidole kimoja hakinyooki tena.

Sasa nitakwambia na usinijibu kwa ukali. Mguu wa Randu umekatwa. Uliingia uozo hospitali, wakaukata juu ya goti. Wenzake wa chama cha wafanyakazi wamemshawishi aseme kweli, na polisi wamekuja kunichukua mbele ya duka, nimetoka kwa dhamana. Kesi itasikizwa baada ya mwaka mpya. Wakili anasema nitafungwa, ila kukiwa na sababu ambayo mwanamume yeyote ataielewa. Dada yangu akisimama aseme yule hamali alimshika kwa nguvu akamzalisha, hakimu ataelewa. Jomvu nzima itaelewa.

Bora uwe ulizaa, Khairiya. Unanielewa? Ukiwa ulizaa, mimi ni kaka aliyelinda nyumba. Ukiwa hukuzaa, mimi ni nani? Nimemkata mguu mtu kwa sababu ya utumbo. Watoto watanifuata barabarani.

Basi sema ulizaa. Sema mtoto alikufa, yaishe. Nakuomba kama ndugu. Na ukija huku kusema mengine, mikono yangu unaijua.

Barakat


Tanga,
2 Novemba 1961

Barakat,

Tumesikia za mafuriko, tunawaombea. Hapa watu wanashona bendera, Desemba wanapata uhuru wao, na mama mdogo ananunua kanga mbili za siku hiyo, moja yangu. Sitakuwapo kuivaa.

Mikono yako naijua. Miguu yako naijua zaidi. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena ili niwe na hakika kwamba ni wewe uliyeandika. Unaniomba nikabidhi mguu wa pili wa Randu. Unaniomba nimzae mtoto kwa mdomo, nimwue kwa mdomo, nimzike, ili wewe upite barabarani bila kuchekwa.

Nakuja. Mama mdogo anakuja nami, tutafikia kwa shangazi Timbwani, na usivuke kivuko kuja huko maana watoto wake wameshaambiwa. Nimekwisha zungumza na daktari, mwanamke, amesema anaweza kulitazama kovu na tumbo na kusema mbele ya hakimu kwamba huku hakujawahi kupita mtoto. Nitajifungua kanga yangu mbele yake. Ikitakiwa nijifungue mbele ya kumi nitajifungua. Nimekwisha kupigwa na kaka yangu nikiwa nusu uchi siku ya singo yangu, sina tena kitu cha kuona haya.

Unaogopa kuchekwa. Mimi nimechekwa nikiwa mnene, nikasengenywa nikiwa mwembamba, nikapigwa nikiwa bibi arusi. Watacheka, wataacha. Randu hataota mguu.

Na hili ulijue kabla hatujaonana kortini. Tangu ulipoandika barua ile ya Aprili nilikuwa najilaumu, nasema laiti nisingekwenda Bombay, Randu angekuwa anatembea. Nilijilaumu miezi yote uliyonyamaza. Leo nimeacha. Aliyemvunja Randu si kisu cha Bombay. Ni wewe, mchana, baada ya kumwuliza neno moja tu.

Khairiya


Jela, Mombasa,
11 Novemba 1963

Khairiya,

Anayeniandikia ni mfungwa mwenzangu, mwalimu wa zamani, maana bado siwezi kukaa kuandika, kwa hiyo mwandiko si wangu ila maneno ni yangu. Naamini barua hii itakukuta nyumbani Jomvu Kuu, maana nimesikia umerudi kukaa nyumba ya baba. Nimesikia pia Kuluthum ameachishwa na kadhi na ameolewa. Sina neno. Mama mdogo Salme ni mzima? Shangazi je?

Hukuja kunitazama tangu hukumu, sikulaumu. Tulipokuwa kortini na yule daktari mwanamke akieleza, sikumtazama yeye wala wewe. Nilikuwa natazama gongo la Randu limeegemezwa kwenye benchi.

Huku tunavunja mawe. Mwezi wa nane tuligombana na mtu juu ya blanketi. Mimi ndiye niliyeanza, nilimpiga kichwa cha pua. Naye alikuwa na kijiko alichokinoa sakafuni, akanipasua nacho tumbo, toka ubavuni mpaka kitovuni. Niliushika utumbo wangu mwenyewe kwa mikono, una joto, unateleza. Wakanishona, na dawa ya kulaza ilikuwa haitoshi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bado siwezi kucheka wala kukohoa, na nikienda choo nashika ukuta.

Kuna habari kwamba uhuru ukiingia mwezi ujao wengine tutapunguziwa vifungo. Jina langu limesomwa. Nikitoka sina pa kwenda ila nyumbani. Nijibu kama nitakuwa na mahali.

Kuna jambo jingine nataka kuuliza. Nililala kwa tumbo hili siku nyingi nikiliwaza, nikaona kwamba sijapata kukuuliza. Kule Bombay, iliuma?

Ni mimi kaka yako,
Barakat


Jomvu Kuu,
4 Desemba 1963

Kaka Barakat,

Barua yako imefika. Mama mdogo mzima, anakuja kutazama sherehe zetu za uhuru kwa vile zake zimekwisha. Shangazi ameanza kusahau majina. Bi Mwanasaumu hasingi tena, na akipita hapa mbele huvuta buibui usoni. Mimi mwaka huu nililazwa mara mbili kwa ajili ya utumbo huu. Daktari anasema mawe yameanza kuingia kwenye figo, na hajui nitaishi hivi mpaka lini. Nimemjibu kwamba nalala chali.

Randu yupo. Wamempa kazi ya kulinda ghala Kipevu, anakaa getini. Msamaha wake usiniombe mimi, sina. Utoke uende mwenyewe ukamkalie mbele, na akitaka kukupiga na gongo lake, uache akupige.

Nilipofika pale uliposema umeushika utumbo wako, nililia. Nilikasirika kwa kulia, lakini nililia. Wewe ni kaka yangu na sikutaka upasuliwe.

Umeniuliza kama iliuma. Iliuma sana baadaye, kama nilivyokuandikia. Lakini alipokuwa ananikata sikuhisi, na kabla ya kunikata yule daktari alivuta kiti akakaa karibu na kitanda changu, baba akiwa nje. Akaniuliza, "Binti, hili unalitaka mwenyewe?" Nikasema nalitaka. Akasema nilale nifikiri mpaka kesho, atakuja kuuliza tena. Kesho yake akaja akauliza tena. Mtu mgeni, hanijui, ana kisu, na aliniuliza mara mbili. Wewe ulinijua tangu nazaliwa, umekaa miaka minne ndipo ukauliza, na ulihitaji kupasuliwa kwanza.

Nyumba hii ni ya baba yetu sote, siwezi kukufukuza. Chumba chako nimekifagia. Ila mimi ndimi ninayekaa ndani sasa. Ukifika simama nje, piga hodi, kisha ungoje. Nikisema karibu, ingia. Nikinyamaza, rudi ulikotoka.

Dada yako,
Khairiya